Maadamu Kuna Sungura

Mumewe alikufa ndoo ikiwa mkononi. Watu wa machinjioni hulisimulia jambo hilo kwa zamu, kila mmoja na chumvi yake, lakini kwenye ndoo wote wanakubaliana: alikuwa ameinama mtaroni akikinga damu ya ng'ombe wa kwanza wa siku ile, akainuka, akasema, "Subirini kidogo," akaanguka. Moyo, daktari alisema. Damu ilimwagika yote, na ndoo ikabiringika sakafuni mpaka sehemu ya kuoshea matumbo, ikagonga buti la mkewe. Yeye akainama, akaiokota, akaisimamisha vizuri karibu na ukuta, ndipo akasikia watu wakipiga kelele.

Tangu hapo akafa ganzi. Haikuwa ile huzuni ya kulia na kujigaragaza, ambayo watu wa msibani waliisubiri kwa hamu wakaondoka bila kuiona. Aliosha matumbo kwenye maji ya baridi ambayo wenzake waliyakimbia, asiyasikie. Alikula, asijue amekula nini. Mtu akimpa pole, alijibu "asante" kwa sauti ile ile ya kumshukuru aliyempisha mlangoni. Wenye ndimi ndefu walisema hakumpenda mumewe. Wacha waseme, wana kazi gani nyingine?

Kazini walikuwa wakiitwa Baba Sungura na Mama Sungura, na jina hilo lilikuwa na mwiba ndani yake, kwa kuwa sungura huzaa mno na wao hawakujaliwa mtoto. Baba Sungura hakujali. Alilichukua jina akalivaa, na sungura akawafuga kwelikweli, tena kwa namna iliyowavunja watu mbavu. Alikuwa mtu asiyevumilia kuona kitu kinatupwa. Machinjioni damu ilikwenda mtaroni, na yale majani yaliyosagika nusu tumboni mwa ng'ombe yalikwenda shimoni nyuma ya ukuta, yakawa makao ya nzi. Yeye akaanza kuvirudisha nyumbani. Damu aliichemsha kwenye debe mpaka ikaganda ikawa ngumu, akaikatakata, akaianika, akaitwanga. Majani ya tumboni aliyakamua, akayatandaza juani kwenye turubai mpaka yakakauka kabisa. Kisha akachanganya vyote na pumba, na mwisho akatia maganda ya mayai aliyoyaponda kwa chupa. Hayo maganda yalikuwa siri yake, ingawa alimwambia kila aliyeuliza.

"Chakula cha sungura ni majani," alikuwa akisema. "Ng'ombe keshayatafuna. Mimi namalizia kazi."

"Na damu je? Siku moja watakuuma hao!"

"Wakiniuma nitajua wana nguvu."

Sungura wake walikuwa wazito kuliko wa mtu yeyote mtaani. Ila kipimo alikishika kama sheria. Konzi moja, ujazo wa mkono, kwa kizimba, mara moja kwa siku, mengine yote majani mabichi. Hata mkewe akitaka kuongeza kwa huruma, alimzuia mkono. Alisema tumbo la sungura mdogo lina hasira za karibu, ukilishindilia linasusa, na likisusa halibembelezwi.

Msiba ulipoingia, sungura wakubwa wote walichinjwa kuwalisha waliokuja kuzika. Hakuna aliyemuuliza mjane, na kama wangemuuliza angesema sawa. Walibaki saba tu, wadogo, waliotoka kuachishwa kunyonya juzijuzi, wamekaa wote kwenye kizimba kimoja masikio yamelala.

Mama mkwe alikuwa akiishi nao tangu zamani, katika chumba cha upande wa uani. Baada ya maziko alisimama mbele ya stoo, akaliangalia gunia la ule mchanganyiko ambao mwanawe aliuacha, akasema, "Damu hii sitaki kuiona tena uani. Imeniulia mwanangu." Kesho yake gunia halikuwapo.

"Nimelitupa," alisema.

"Sawa, Mama," alijibu Mama Sungura. Na mazungumzo yao ya juma zima yakawa hayo.

Si kwamba walikuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwapo, watu wakigombana angalau wanasemezana. Walipishana tu kama wapangaji. Mmoja akipika, mwingine anaosha vyombo. Asubuhi Mama Sungura alisikia ndala za mama mkwe zikiburuzika kwenda bombani na kurudi, akajua kumekucha, akaenda kazini. Hilo lilikuwa jambo moja tu katika siku nzima alilolisikia sawasawa.

Kisha wifi akaja. Wifi huyo, dada wa marehemu, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na sauti yake ilikuwa ya kuwapanga watu mstari hata akiomba chumvi. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa na mama yake sebuleni, akamwambia bila kuzunguka kwamba chumba kiko tayari kwake, kina dirisha kubwa, na kwamba haifai mtu mzima kubaki kwenye nyumba isiyo na mwanawe.

Mama Sungura alikuwa mlangoni, sinia la chai mkononi.

"Na hao sungura nani atawaangalia?" mama mkwe akauliza. "Mke wa mwanangu anashinda kazini kutwa. Maadamu kuna sungura, mimi nipo hapa."

"Mama! Yaani sungura saba ndio wanakuzuia?"

"Ndio hao hao."

Wifi akacheka kwa kukata tamaa. "Haya. Siku wakiisha nakuja na gari. Umekubali?"

"Nimekubali."

Mama Sungura alisimama pale na sinia mpaka chai ikapoa. Hakutaka yule mama aondoke. Hilo alilijua waziwazi, na lilimshangaza, kwa sababu tangu msiba hakuwa ametaka kitu chochote. Lakini angemwambia abaki kwa haki ipi? Mumewe ndiye aliyekuwa kamba iliyowafunga pamoja, na kamba imekatika. Mjukuu hakumzalia. Mkamwana asiye na mume wala mtoto anamkalisha vipi mama wa watu? Akameza maneno yake, akaingia, akamimina chai baridi kwenye vikombe. Wakainywa wote watatu bila kulalamika.

Toka siku ile sungura wakawa roho yake. Aliwakatia majani kabla ya kwenda kazini, akawasafishia kizimba akirudi. Lakini majani matupu hayakuwatosha. Wakaanza kukonda. Manyoya yakapauka, mgongo ukashikika mifupa. Kila akimwinua mmoja alimpima kwa kiganja na kumkuta mwepesi kuliko jana. Mama mkwe naye alikuwa akija kusimama karibu na kizimba, mikono nyuma.

Ndipo Mama Sungura alipokwenda kwa mzee wa boila, rafiki wa marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha maji ya machinjio na kusinzia.

"Mzee wangu, nichemshie damu kidogo. Na majani ya tumboni uniwekee juu ya bati yakauke."

Mzee akafumbua jicho moja. "Mama mkwe wako alikataza."

"Asijue."

"Mimi nikiulizwa?"

"Ulikuwa umelala."

"Hapo hutakuwa umedanganya," alisema mzee, akaenda kutafuta debe.

Kila siku akarudi nyumbani na mchanganyiko ndani ya mkebe wa chakula, pumba ameongezea mwenyewe. Maana yake ni kwamba chakula chake cha mchana hakikuwa na pa kukaa, basi hakula mchana, na wala hakuona tofauti. Jioni mama mkwe akiingia kuoga, yeye aliteremka uani haraka, akamwaga konzi moja kwenye kisahani cha kizimba, akasimama mpaka sungura wamemaliza, akakifuta kisahani kwa upindo wa nguo. Konzi moja kamili. Hakuongeza hata punje.

Mwanzoni walipendeza ajabu. Manyoya yakarudi kung'aa, miguu ikajaa.

"Wamenawiri," alisema mama mkwe siku moja, akiangalia pembeni.

"Majani ya siku hizi mazuri," akajibu Mama Sungura.

"Ndiyo. Ni majani."

Kisha mmoja akaanza kuhara. Mama Sungura alimsafisha kwa maji ya uvuguvugu, akamtenga kwenye boksi. Asubuhi alimkuta amekakamaa, tumbo limevimba. Mama mkwe alimzika nyuma ya choo, na jembe alilirudisha mahali pake.

Sasa mtu angejiuliza, mbona hakufikiri kwamba wameshiba kupita kiasi? Angefikiri vipi, naye kipimo anakijua, na mkono ni wake? Kichwani mwake jambo lilikuwa moja tu: walikonda mno mwanzoni, mwili umebaki dhaifu, wanahitaji nguvu. Basi kwa mara ya kwanza akaikiuka sheria ya marehemu. Akaongeza konzi nusu.

Akafa wa pili, na wa tatu. Akaongeza nusu nyingine. Mama mkwe alikuwa amebadilika uso, anakula kidogo, anakwenda kizimbani mara kwa mara na kurudi akijishika kiuno. Simu ya wifi ilikuwa ikilia jioni, na kwa kuwa mama mkwe hakusikia vizuri, ilizungumzwa kwa sauti ya nyumba nzima.

"Wamebaki wangapi, Mama?"

"Wanne."

Siku nyingine: "Wamebaki wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Nimesema wapo!"

Mama Sungura alikuwa akikata vitunguu jikoni. Vitunguu vilikuwa vikali, na hata hivyo havikumtoa chozi.

Wa mwisho alikufa siku ambayo yeye hakwenda kazini. Alikuwa jike, mweupe mwenye doa puani, yule mwepesi wa kukimbilia kisahani. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda dukani. Mama Sungura alimtoa kizimbani akamlaza kwenye ubao wa kufulia. Alimwangalia kwa muda. Kisha, kwa sababu matumbo ndiyo kazi yake, na mkono wa mtu hurudia unachokijua hata kichwa kikiwa hakipo, akaingia jikoni akaleta kisu.

Alipasua taratibu. Utumbo ulikuwa umejaa gesi na maji. Alikata tumbo lenyewe, akalifungua kwa vidole viwili chini ya bomba kama alivyofungua maelfu. Ndani mlikuwa na majani kidogo tu, na tope jeusi, tope jingi, jingi kuliko alichowapa jana hata akihesabu nyongeza. Akafungulia maji yatiririke polepole. Tope likasambaa kwenye ubao, likaacha vipande vyeupe vidogo. Akakichukua kimoja akakisaga kati ya kucha.

Ganda la yai.

Yeye hakutia maganda ya mayai. Hakuwahi kutia hata siku moja, mzee wa boila angeyapata wapi? Maganda alitia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amezikwa.

Akafunga bomba. Akamfunika sungura kwa gazeti, akanawa, akaingia chumbani kwa mama mkwe, mahali ambapo hakuwahi kuingia bila kuitwa. Akapiga magoti na kuinama chini ya kitanda. Gunia lilikuwa pale, limefungwa mdomo kwa kamba ya nguo. Lilikuwa limepungua zaidi ya nusu, na ndani yake mlikuwa na kikombe.

Alikuwa bado amepiga magoti mama mkwe aliporudi. Yule mama alisimama mlangoni na mfuko wa sukari.

"Mama, ulisema umelitupa."

"Nilisema."

"Ulikuwa unawapa?"

Mama mkwe aliweka sukari kwenye meza, akakaa kitandani. Kitanda kikalia. "Asubuhi," alisema. "Ukishatoka. Nilitaka kulitupa kweli. Nililivuta mpaka getini. Halafu nikatia mkono ndani, nikakuta amelichanganya vizuri, hamna hata bonge. Nikashindwa. Basi nikawa nawapa konzi moja. Alisema konzi moja."

"Na mimi jioni," alisema Mama Sungura. "Ukiwa unaoga."

"Wewe? Ulipata wapi?"

"Kwa mzee wa boila."

Mama mkwe akafikiri. Unaweza kumwona mtu mzima akijumlisha, midomo inacheza. "Wa kwanza alipokufa mimi niliongeza."

"Na mimi niliongeza."

"Eh."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tumewaua sisi."

"Tumewaua sisi, Mama."

Walikaa hivyo, mmoja kitandani na mmoja sakafuni. Pale ndipo mahali pa kuambiana, na wote wawili walipajua, na wote wawili wakapapita.

"Kwa nini uliwapa?" aliuliza mama mkwe.

"Walikuwa wanakonda."

"Na mimi hivyo hivyo. Walikuwa wanakonda." Akachukua sukari yake, akaenda jikoni. Simu ilipolia jioni, alijibu kwa sauti ndogo kuliko kawaida, na hakuulizwa mara mbili.

Wifi alikuja Jumapili na gari la kukodi, dereva hakuzima hata injini. "Pole, Mama. Poleni wote. Lakini tulikubaliana." Mama mkwe alikuwa tayari amevaa. Alikuwa amefunga mfuko wake tangu asubuhi, mkubwa wa mistari, zipu imekaza. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, na hapakuwa na aliyemwambia asilitimize.

Mama Sungura aliubeba mfuko, maana mkamwana habaki mikono mitupu wakati mama mkwe anasafiri. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Aliufikisha getini. Wifi akafungua mlango wa nyuma wa gari, akashika mpini mmoja, akavuta.

Mfuko haukuja.

"Wifi, achia."

Alitaka kuachia. Aliiambia mikono iachie. Miezi yote hiyo mikono ilimtii bila yeye kuwamo ndani yake, iliosha, ilipika, ilizika, na leo, kwa jambo dogo la kuachia mfuko, ikagoma.

"Wifi?"

"Hawajaisha," alisema Mama Sungura.

"Nini?"

"Sungura. Hawajaisha."

Wifi akamgeukia mama yake. "Mama, si wewe uliyeniambia kwenye simu kwamba wa mwisho amekufa?"

Mama mkwe alikuwa akimtazama mkamwana wake. Alimtazama kwa makini, jicho amelikaza, mtu anavyotafuta uso anaoujua katikati ya watu wengi.

"Nilikosea," alisema.

"Ulikosea nini?"

"Kuhesabu. Mimi mzee sasa. Nilihesabu vibaya. Hawajaisha."

Wifi aliwaacha, akaingia uani kwa viatu vyake vya kisigino, ko, ko, ko. Vizimba vilikuwa wazi, vimeoshwa, vimeegeshwa ukutani vikauke. Hata mtu asiye na macho angeona. Alirudi polepole. Lakini alikuwa mwalimu wa watoto wadogo; kila siku ya kazi alisimama mbele ya watu wanaosema hawakuvunja kikombe na vipande viko miguuni mwao, na alijua ni wakati gani mtu anasubiriwa tu mpaka aseme mwenyewe.

"Usiende, Mama," Mama Sungura akasema. Sauti ilitoka mbaya, imekwaruza. "Mimi sisikii kitu. Njaa sisikii, baridi sisikii, hata mwanao mwenyewe kuna siku namtafuta humu ndani simpati. Wewe ukienda bombani nakusikia. Usiende."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa haki gani? Sikukuzalia hata mjukuu."

"Nani alikuuliza mjukuu?" Mama mkwe alikasirika kwelikweli, shingo ikasimama. "Mimi nilikuwa nangoja uniambie nibaki. Mwanangu hayupo, nyumba ni yako, wewe bado kijana. Ningejikalisha tu hapo kama fanicha? Nikasema, Mungu wangu, hawa sungura wasife, wasife. Nikawapa. Nikawapa mpaka nikawaua!"

Ndipo Mama Sungura alipolia. Hakulia vizuri. Alilia mdomo wazi, kamasi zikimtoka, mikono bado imeng'ang'ania mfuko, mpaka dereva akatazama upande mwingine na kuzima injini bila kuambiwa. Wifi alisimama na mpini wake, akawa hajui auweke wapi mkono mwingine, mwisho akauweka begani kwa wifi yake.

Mama mkwe aliwaacha kidogo. Kisha akasema, "Haya, shusheni huo mfuko chini, mnauchana." Akauinamia, akafungua zipu. Akazisogeza nguo pembeni, akalitoa gunia, lile lile, limekunjwa mdomo na kufungwa upya. Alikuwa akiondoka nalo. Akampa mkamwana wake.

"Rudisha stoo," alisema. "Na hao watakaokuja, apime mtu mmoja."